Aliyepigwa Risasi Ametoka Wodini: Sasa Nini?

Leo tutazungumza juu ya mtu aliyepigwa risasi akapona. Nasema akapona kwa maana kwamba hakufa. Damu ilizuiwa, akapasuliwa, akalala wodini wiki mbili au miezi miwili, na sasa daktari ameandika kwamba anaweza kwenda nyumbani.

Redio zetu na magazeti hueleza siku ya tukio tu. Tunaambiwa wangapi wameuawa na wangapi wamejeruhiwa, na kesho yake habari nyingine zinaingia. Yule aliyejeruhiwa ndiye wewe mama unaletewa nyumbani kwa matatu, mguu una vyuma, mkononi ana mfuko wa dawa na karatasi yenye maandishi yasiyosomeka.

Jambo hili si geni kwetu. Huko Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Samburu, Elgeyo Marakwet na Laikipia, wizi wa mifugo kwa bunduki ni mzigo wa miaka mingi, hata mwezi wa Februari 2023 serikali ikatuma wanajeshi kusaidia polisi katika kaunti hizo sita. Mijini kuna majambazi wenye bastola. Westgate mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, hoteli ya Dusit mwaka 2019: kote huko, mbali na waliokufa, kuna waliotoka wakiwa hai na majeraha ya kutunzwa kwa miaka.

Kwanza tuelewe risasi inafanya nini. Ikiingia mwilini, shimo la nje huweza kuwa dogo kama kifungo cha shati, lakini ndani imepita kwa kasi na kuharibu nyama pande zote za njia yake. Pia huvuta ndani vipande vya nguo na uchafu. Ndiyo maana daktari wa upasuaji mara nyingi huosha kidonda, akakata nyama iliyokufa, kisha akakiacha wazi siku nne au tano kabla ya kukishona. Jamaa wengi hulalamika wodini kwamba mgonjwa wao amesahauliwa, kidonda hakijashonwa. Hajasahauliwa. Kidonda cha risasi kikifungwa siku ya kwanza, usaha hujifungia ndani.

Sasa, mtu huyu anahitaji watu wengi. Anahitaji daktari wa upasuaji na wa mifupa, muuguzi wa kumfunga kidonda, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye watu humwita fizio, na mtaalamu wa kumfundisha tena kazi za mikono kama kuvaa, kupika na kuandika. Kuna afisa wa lishe, kuna mshauri nasaha, kuna afisa wa jamii wa hospitali, na pengine fundi wa miguu ya bandia. Katika nchi tajiri watu hawa huketi meza moja wakazungumza juu ya mgonjwa mmoja. Kwetu kila mmoja ana chumba chake na siku yake. Kliniki ya mifupa ni Jumanne, fizio ni Alhamisi, mshauri anakuja mara moja kwa wiki, na hakuna anayejua mwenzake alisema nini. Anayewaunganisha ni mama, na mara nyingi hajaambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa hivyo nunua daftari la shule. Ukurasa wa kwanza andika jina la mgonjwa, tarehe aliyopigwa risasi, upasuaji gani ulifanywa, na kama kuna risasi au chuma kilichobaki mwilini. Usipojua, usitoke wodini kabla ya kuuliza. Omba karatasi ya kuruhusiwa isomwe polepole, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Kila mtaalamu unayemwona, mwombe aandike mistari miwili katika daftari hilo. Na unapopewa tarehe ya kurudi, uliza: "Daktari, tunatoka mbali na nauli ni taabu, je, tunaweza kuonwa na fizio siku hiyo hiyo?" Mara nyingi inawezekana, lakini hakuna atakayekupangia usipouliza.

Tuje kwenye kidonda. Nyumbani nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Badilisha bandeji kama ulivyoonyeshwa, au umpeleke zahanati iliyo karibu, kwa sababu si lazima usafiri hadi hospitali ya kaunti kwa kufungwa kidonda. Usitie majani ya chai, asali ya dukani, mafuta ya breki, kinyesi cha ng'ombe wala unga wa vidonge. Ikiwa mguu una vyuma vilivyotokeza nje, mahali kila chuma kinapoingia kwenye ngozi pasafishwe kama ulivyofundishwa wodini, na usilegeze skrubu yoyote hata mgonjwa akikusihi. Uliza pia juu ya chanjo ya pepopunda. Mtu mzima ambaye hakuwahi kuchanjwa hupewa sindano ya kwanza siku ya ajali, ya pili baada ya wiki nne, na ya tatu miezi sita hivi baadaye. Wengi hupata ile ya kwanza tu wakaridhika.

Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo ukiona homa, usaha unaonuka, ngozi nyekundu inayoenea, au mguu au mkono uliokuwa na joto ukawa baridi na kubadilika rangi. Vilevile muundi mmoja ukivimba na kuuma, au akaanza kuhema ghafla, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Aliyepasuliwa tumbo, akianza kutapika, tumbo likajaa, na hapati choo wala kutoa hewa, utumbo unaweza kuwa umeziba kwa sababu ya makovu ya ndani. Hilo huweza kutokea hata baada ya miaka. Naye aliyetolewa bandama, asikawie nyumbani na homa yoyote hata siku moja, kwa maana kinga yake imepungua. Uliza kama amepewa chanjo zake.

Kuna uvimbe mmoja nataka mwukumbuke sana. Wiki kadhaa baada ya jeraha, karibu na kovu panaweza kutokea uvimbe unaofanana na jipu. Weka kiganja juu yake bila kuukandamiza. Ukisikia unadunda kama moyo, huo si usaha. Ni mshipa mkubwa wa damu uliotobolewa na risasi na sasa umefanya mfuko. Mtu akiupasua kwa wembe, au kliniki ya uchochoroni ikautoboa, mgonjwa anaweza kumwaga damu hadi kufa papo hapo. Mfungie bandeji nyepesi, umpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji, na umwambie neno hili: unadunda.

Na ile risasi iliyobaki ndani? Swali hili huulizwa kila mahali. Watu husema itatembea hadi kwenye moyo. Mara nyingi sana haiendi popote. Mwili huizungushia kovu ikakaa hapo maisha yote, na kuitafuta kwa kisu kungeharibu misuli na mishipa zaidi kuliko ilivyofanya yenyewe. Madaktari huitoa ikiwa iko ndani ya kiungo kama goti au nyonga, ikiwa inakandamiza uti wa mgongo au mshipa, ikiwa imeleta usaha, au ikiwa iko chini tu ya ngozi na inamsumbua. Ile ya kwenye kiungo ina hatari yake: majimaji ya kiungo huyeyusha risasi taratibu, na madini yake huingia katika damu yakawa sumu. Mtu mwenye risasi mwilini akianza kuumwa tumbo mara kwa mara, kukosa choo, kupungukiwa damu na kudhoofika mikono bila sababu, mkumbushe daktari kwamba ana risasi, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita. Akipelekwa kupigwa picha kwa ile mashine ya sumaku, aseme kabla hajaingia chumbani.

Sasa mazoezi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona vijana wengi wakipoteza miguu waliyokuwa wameokolewa. Si kwamba hukatwa. Hukauka. Mfupa wa paja uliovunjwa na risasi huchukua miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi, kuungana. Muda huo goti lisipokunjwa na kunyooshwa kila siku, hukakamaa kama bawaba yenye kutu. Kijana anaonekana amepona, kidonda kimefunga, lakini hawezi kuchuchumaa chooni, hawezi kupanda matatu, hawezi kuchunga mbuzi.

Mama mwenye huruma hufanya nini? Humwekea mto chini ya goti ili asisikie uchungu. Mto huo unampa nafuu leo na kumlemaza kesho, kwa sababu goti na nyonga huzoea kukaa zimekunjika. Ondoa mto, isipokuwa kama fizio amekuambia uweke. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, kisha afanye aliyofundishwa, mara tatu kwa siku, hata akikunja uso. Aliyeumia mkono afinye kitambaa kilichoviringwa, achambue maharagwe, afunge na kufungua vifungo. Kazi ndogo za jikoni ni tiba, na mwanamume asione haya.

Mshipa wa fahamu ukiguswa na risasi, mguu au kiganja huanguka na ngozi hufa ganzi. Ukiwa umeshtuka tu, unaweza kuamka baada ya wiki au miezi michache. Ukiwa umeharibika zaidi lakini haujakatika kabisa, hukua upya polepole, kama milimita moja kwa siku. Piga hesabu: kutoka juu ya goti hadi vidole vya mguu ni kama sentimita 50, basi ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne. Ukiwa umekatika kabisa, unahitaji kushonwa, na kadiri siku zinavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua. Kwa hivyo kama hakuna dalili ya kuamka baada ya miezi mitatu, uliza wazi juu ya rufaa. Wakati mnangoja, chunga ngozi iliyokufa ganzi. Haisikii moto, jiwe ndani ya kiatu wala maji yanayochemka.

Maumivu ya mshipa wa fahamu ni ya namna yake. Mgonjwa husema anachomwa kama moto, au anapigwa na stima. Vidonge vya kawaida vya dukani havisaidii sana, na sindano za kila siku za kutuliza uchungu huweza kuharibu figo na kutoboa tumbo. Zipo dawa zinazofaa, kama amitriptilini, ambayo pia hutumika kwa wagonjwa wa huzuni. Mkipewa, msidhani mgonjwa wenu ameitwa mwendawazimu.

Aliyepigwa uti wa mgongo na kupooza, huyu ndiye anayehitaji timu nzima zaidi ya wote. Nairobi tuna Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, lakini ni ndogo kwa nchi nzima, na wengi hurudi nyumbani wakatunzwa na mama au mke. Wakifa, mara nyingi hawafi kwa risasi. Hufa kwa kidonda cha kulala na kwa mkojo ulioharibika.

Kidonda cha kulala huanza kwa saa chache tu, mahali mfupa unapokandamiza ngozi: matakoni, nyongani, visiginoni. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Gawaneni zamu: saa tatu usiku alale kulia, saa tano kushoto, saa saba chali, na hivyo hivyo hadi kuche. Tumieni kengele ya simu. Asubuhi na jioni kagua ngozi yake mwili mzima. Ukiona pekundu, au kwa ngozi yetu peusi kuliko kawaida, pasipotulia baada ya kumgeuza, mahali hapo pasilaliwe tena mpaka parudi sawa, na usipasugue. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ajiinue kwa mikono kila robo saa.

Mkojo usiachwe kujaa. Wengine hufundishwa kujitoa mkojo kwa mpira safi kila saa nne hadi sita, na hiyo ni bora kuliko mpira unaokaa muda wote, kama mikono yake inafanya kazi. Anywe maji ya kutosha. Na wale waliojeruhiwa juu ya kifua au shingoni wana hatari moja ambayo akina mama wengi hawaambiwi: ghafla kichwa kinauma sana, uso unatoka jasho, damu inapanda kwa nguvu. Mara nyingi sababu ni mkojo au choo kilichojaa. Mwinue akae wima, legeza nguo, angalia kama mpira umekunjika, na msipopata nafuu mara moja, kimbilieni hospitali.

Mwenye mfuko wa choo tumboni asikate tamaa. Mara nyingi huwa ni wa muda, na utumbo hurudishwa ndani baada ya miezi kadhaa, ila lazima mtu arudi kliniki apangiwe. Wapo wanaokaa nao miaka kwa sababu tu tarehe ilipita. Chakula chake kiwe kama cha kila aliyejeruhiwa: maharagwe, ndengu, mayai, omena, maziwa, mboga za majani na matunda. Uji mtupu haujengi nyama.

Aliyekatwa mguu anahitaji kigutu kifungwe bandeji ya kubana vizuri ili kipate umbo, alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, na asiwekewe mto chini. Atasikia vidole visivyokuwepo vikimuuma. Si uchawi, wala si lazima mguu uchimbuliwe na kuzikwa upya. Ubongo bado unakumbuka. Hapa kwetu tuna mfano mzuri wa kazi ya pamoja. Huko Lopiding, Lokichoggio, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali tangu 1987 hadi 2006 kwa majeruhi wa vita vya Sudan ya Kusini. Madaktari wa upasuaji, wauguzi, watu wa mazoezi na karakana ya viungo vya bandia walikuwa katika ua mmoja. Mtu aliingia amebebwa akatoka anatembea. Mimi naona hospitali zetu za kaunti zingeweza kuanza kwa jambo dogo tu, siku moja ya kliniki kwa wote.

Tuzungumze juu ya moyo na akili. Wiki za kwanza, kuota ndoto mbaya, kushtuka pikipiki ikilia, kukasirika ovyo au kukataa kupita barabara ile ni kawaida. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Usimlazimishe kusimulia, lakini akitaka kusema, msikize. Hali ikizidi mwezi mmoja, au akaacha kula na kulala, au akakimbilia chang'aa, huo ni ugonjwa unaotibika, mpeleke. Ukihofia anafikiria kujiua, muulize wazi. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Na msiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Wale wageni wanaokuja kuketi kando ya kitanda kupanga kulipiza kisasi, hao sioni kwa nini wapikiwe chai.

Mtoto aliyepigwa karibu na ncha ya mfupa, mahali unapokua, mguu wake unaweza kubaki mfupi au kupinda anapokua. Hata akipona kabisa, aonwe kila mwaka hadi amalize kukua. Arudi shule mapema iwezekanavyo, na umweleze mwalimu mambo mawili matatu: akae karibu na mlango, aruhusiwe kutoka, asitaniwe.

Karatasi nazo ni sehemu ya matibabu. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo hospitali haipaswi kumngojesha aliyepigwa risasi mpaka polisi waje au mpaka alipe. Fomu ya P3 hutolewa bure; polisi huijaza sehemu yao, na mhudumu wa afya yake. Weka nakala ndani ya lile daftari. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, basi kama bado mna kadi ya zamani tu, jiandikisheni. Aliyebaki na ulemavu apimwe na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kupitia hapo anaweza kuomba kiti cha magurudumu, magongo au mguu wa bandia. Afisa wa jamii wa hospitali ndiye anayejua milango hii, nanyi mara nyingi mnapita mbele ya ofisi yake bila kuingia. Kijijini, mjulisheni mhamasishaji wa afya ya jamii siku ile ile mgonjwa anapofika, aje amwone na kuandika tarehe zake.

Na wewe mama unayeamka saa saba na saa tisa usiku kumgeuza mtu mzima, mgongo wako unauma na hulali. Siku ya kliniki, baada ya mgonjwa kuonwa, mwambie sista akupime damu na wewe. Chukua daftari, fungua ukurasa wa nyuma, andika jina lako.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya chanjo za watoto walio chini ya miaka miwili. Muwe na kadi zao za kliniki karibu na redio.